Kilichomo Ndani ya Mboji ya Takataka za Mji

Mkulima wa Ruiru akinunua lori la takataka za soko, nyingi zikiwa mabua na mabunzi ya mahindi, akazifukia shambani siku ile ile na kupanda, huenda akaona mahindi yake yageuka manjano badala ya kunawiri. Jirani watasema shamba limetiwa sumu. Sivyo, mahindi yana njaa, na sababu yake yafaa kuelezwa.

Takataka za sokoni Thika, kama majani ya sukuma wiki, maganda ya ndizi na mabua, zilikuwa vitu vyenye uhai. Vyote vimejengwa hasa kwa kaboni, oksijeni na haidrojeni, pamoja na nitrojeni kidogo iliyomo katika protini. Sukari na wanga huoza upesi. Selulosi, yaani nyuzinyuzi za mmea, hukawia; lignini, iupayo mti ugumu wake, hukawia kupita zote.

Waozeshao ni vijidudu. Hula kaboni wapate nguvu, na huhitaji nitrojeni wajenge miili yao. Chakula kiwafaacho kina kaboni sehemu 30 hivi kwa sehemu 1 ya nitrojeni. Mabua makavu huweza kuwa na kaboni sehemu 60, na vumbi la mbao mamia. Basi wakipewa mabua matupu, vijidudu huinyang'anya ardhi nitrojeni yake, na mahindi hubaki kutazama tu.

Dawa ni kuozesha kwanza. Changanya mabua na majani mabichi au samadi, nyunyiza maji mpaka lundo liwe na unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa, kisha ligeuze mara kwa mara lipate hewa. (Jivu la jikoni lisizidi, kwani huifukuza nitrojeni ikatoka kama moshi wa amonia, pua itakuambia.) Joto hufika digrii 55 hata 65 za Selsiasi, na likidumu siku kadhaa huua mbegu nyingi za magugu na vijidudu vya maradhi. Kaboni nyingi hupotea hewani, ndiyo maana lundo hupungua karibu nusu.

Kinachobaki ni kitu cheusi kiitwacho humasi. Wanakemia huigawa mara tatu: asidi ya humiki huyeyuka katika maji ya magadi lakini si katika asidi, asidi ya fulviki huyeyuka katika yote mawili, humini haiyeyuki katika lolote. Humasi ina chaji hasi ya umeme, nayo hushika potasiamu, chokaa na magnesiamu zisichukuliwe na mvua za masika. Tena udongo mwekundu wa Thika na Ruiru, wenye chuma kingi, huibana fosforasi. Humasi husaidia kuilegeza. Katika miaka ya 1930 wakulima wa kahawa nchini Kenya waliiga njia ya malundo aliyoieneza Albert Howard kutoka Indore, India.

Mboji iliyoiva hunuka kama ardhi baada ya mvua, wala haipati moto tena igeuzwapo. Ukiwa na shaka, panda mbegu za mchicha katika kopo la mboji iliyochanganywa na udongo. Zikikataa kuota, ngoja.

Lakini madini hayaozi. Risasi ya betri kuukuu na kromiamu ya viwanda vya ngozi hubaki vile vile, na kwa kuwa lundo limepungua, kipimo chake katika kila debe huongezeka. Vitu hivyo vichaguliwe na kutengwa kabla ya lundo kupangwa. Baadaye hakuna chekeche la kuvitoa.