SOMO LA MWEZI: Mwalimu mgeni ng'ambo ya mpaka



Somo la mwezi huu linamhusu mwalimu. Mtu asiseme mwalimu si mwenzetu. Wengi wanaovuka mpaka siku hizi kwenda kufundisha ni watoto wa kambi zetu za chai na miwa, waliosomeshwa kwa mshahara wa jembe na panga. Tena yanayompata mwalimu ugenini ndiyo yanayompata mchuma chai ugenini, ila mwalimu yanampata akiwa amevaa viatu.

Zamani Wanyarwanda ndio waliovuka kuja Uganda, tangu miaka ya 1920, kulima pamba na kahawa, na baadaye miwa. Sasa njia hiyo hiyo ina watu wanaokwenda upande wa pili. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2008 serikali yake ikaamua shule zifundishe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Shule zikahitaji watu wa kuifundisha lugha hiyo, na Waganda na Wakenya wakaitika.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mmoja wao. Alivuka Katuna mwezi wa Septemba 2022, shule zilipokuwa zikifungua mwaka, akiwa na cheti cha ualimu, begi la nguo na ahadi aliyopewa kwa simu.

Nianze na mambo madogo, maana hayo ndiyo humchosha mgeni kabla ya makubwa. Saa ya Rwanda iko nyuma ya saa ya Uganda kwa saa moja. Yeye hakuirudisha saa yake ya mkononi, akafika langoni siku ya kwanza kungali giza, akakaa na askari wa zamu mpaka kukacha. Askari huyo ndiye aliyemfundisha kusema "mwaramutse" asubuhi na "murakoze" mtu akimtendea wema. Magari ya huko hupita kulia, kwa hiyo ukivuka barabara tazama kushoto kwanza. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008. Wake ulibaki mpakani, akaingia nchi ya watu amekumbatia mikate.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na pale Nyamirambo mjini Kigali utakisikia kila kona. Vijijini si hivyo. Aliniambia: "Mjomba, Kiingereza kilinitosha darasani na Kiswahili sokoni, lakini bila Kinyarwanda sikujua watu wananicheka au wanacheka nami." Kilichomsaidia zaidi ni umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi inayofanywa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi. Aliazima jembe kwa mama mwenye nyumba, akaenda kuchimba mtaro na wenzake. Tangu siku hiyo majirani walimjua kwa jina.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Shule aliyokwenda ni ya mtu binafsi. Mwenye shule alimpokea vizuri, akamwambia mkataba utaandikwa, kibali kitashughulikiwa, na vyeti vyake halisi avilete ofisini "visipotee". Akavileta. Mwezi wa kwanza ukaisha bila mshahara. Wa pili akapewa nusu. Alipouliza, mhasibu akamjibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, wewe hata kibali huna. Ukipiga kelele, utakayefukuzwa ni wewe." Hebu litazameni neno hilo. Aliyepaswa kushughulikia kibali ndiye anayemtisha kwamba hana kibali!

Wengi wetu tunachanganya hapa. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Kitambulisho kinakuvusha, hakikupi ruhusa ya kuajiriwa. Ruhusa hiyo imo katika Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kanuni zake zinasema mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 aombe kibali cha kazi katika siku 15 za kazi tangu mkataba ulipofungwa, na serikali itoe kibali katika siku 30 tangu maombi, cha muda usiozidi miaka 2 kwanza, kisha kinaweza kuongezwa. Mnaona basi kwa nini mwajiri mjanja hapendi kuandika? Bila tarehe kwenye karatasi, zile siku 15 zitahesabiwa kuanzia lini?

Itifaki hiyo hiyo, kifungu cha 10, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa uraia wake katika ajira na malipo. Inampa haki ya kujiunga na chama na ya hifadhi ya jamii sawa na mwenyeji. Ina mwanya mmoja mkubwa: kazi za serikali hazimo, mpaka sheria ya nchi iruhusu. Ndiyo maana wengi wanaojiendea wenyewe huishia shule za watu binafsi. Mwezi mmoja tu baada ya mpwa wangu kufika, walimu 154 wa Zimbabwe waliingia Rwanda kwa mapatano ya serikali mbili. Hao walikuwa na karatasi nyuma yao. Yeye alikuwa na namba ya simu.

Kilichomwokoa kilitoka katika chumba cha walimu. Mwezi Agosti 2022 serikali ya Rwanda iliwaongezea mishahara walimu wake, 88% kwa wa msingi na 40% kwa wa sekondari. Shule yao haikuongeza hata faranga. Wenyeji waliambiwa kwamba fedha zimekwenda kwa mgeni. Naye mgeni aliambiwa wenyeji hawamtaki. Wiki nzima hakuna aliyemkaribisha chai. Kisha mwalimu mmoja mtu mzima, mwenyeji, akamwomba tu waonyeshane karatasi za mshahara. Wakaziweka mezani. Kima kilikuwa kile kile! Tofauti ni kwamba yake ilikatwa fedha za hifadhi ya jamii, lakini mahali pa namba ya mwanachama palikuwa patupu.

Walikwenda wanne kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, wenyeji watatu na yeye. Angekwenda peke yake, nadhani yule mhasibu angekuwa amesema kweli. Mkataba uliandikwa, kibali kikaombwa, vyeti vikarudi, na mshahara wa mwezi wa kwanza ukalipwa mwezi wa tano. Nusu ya mwezi wa pili ilikuja kwa mafungu. Nauli aliyoahidiwa hajaiona mpaka leo, na mimi nilimwambia asiisahau. Angali anafundisha huko, shule nyingine, na kabla ya kukubali kazi hiyo aliomba mkataba autume kwanza nyumbani tuusome. Safari hii alipeleka nakala za vyeti tu, halisi ziko kwa mama yake.

Mkikutana tawini, mmoja asome somo hili kwa sauti, kisha mjadili. Nani katika kambi yetu ana mtoto au ndugu anayefanya kazi ng'ambo, na je, mkataba wake uko kwenye karatasi au mdomoni? Na wale wenzetu waliotoka Kongo na Burundi, wanaochuma chai mstari mmoja nasi, nani kati yetu amewahi kuweka karatasi yake ya mshahara mezani kando ya zao?