Hesabu ya Nyumba za Magomeni

Katika mwaka wa 1962 Serikali ya Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa, ili mtu wa kipato kidogo apate nyumba njema mjini. Huko Dar es Salaam, hasa Magomeni, nyumba za miti na udongo zilibomolewa, na mahali pao zikajengwa nyumba za matofali ya saruji.

Nia ilikuwa njema. Lakini hebu, msomaji, chukua kalamu. Tuseme mtaa una nyumba 100. Serikali yabomoa 70, nayo yajenga 70. Sasa ziko ngapi? Ni 100 zile zile! Fedha imekwisha, na kijana aliyeshuka juzi kutoka bara na sanduku lake bado hana chumba. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini kwa kweli sehemu kubwa ya nyumba mpya ilishika nafasi ya zile zilizovunjwa.

Tena kuna malipo. Nyumba ya udongo mwenyewe huijenga kidogo kidogo, chumba hiki mwaka huu, kile mwakani. Nyumba ya saruji hudai fedha kila mwezi, mvua inyeshe au jua liwake. Serikali ikipunguza malipo hayo, Hazina hujaza pengo; nyumba zikizidi, pengo nalo huzidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ule uliachwa.

Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, njia ilibadilishwa. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja, zikachongwa barabara, yakaletwa maji, na kila mtu akajijengea. Manzese haikubomolewa: nyumba ziliachwa zisimame, zikafuatwa hapo hapo na barabara na mabomba. Kwa maoni yangu, Manzese ndiko shilingi ilikofika mbali zaidi, ijapokuwa haikupendeza macho ya wageni.

Viwanja vipya navyo vilikuwa na mtihani wao. Kiwanja kilichopimwa kina bei, na mwenye shida hushawishika kukiuza. Vingi viliishia mikononi mwa wenye mishahara mikubwa. Apitaye Mikocheni leo hawezi kudhani kwamba maskini naye alifikiriwa hapo.

Tulipojadili jambo hili darasani, wanafunzi waligawanyika. Kundi moja lilitaka mwenye kiwanja akatazwe kuuza kwa miaka kumi. Ndipo msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Na mtoto wake akiugua, Mwalimu, auze nini?"