Homa ya Mafua: Tumia Dawa Iliyo Sahihi

Si kila homa ni malaria, wala si kila homa hutibiwa kwa antibiotiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa Ifakara na Dar es Salaam, ulibaini kuwa takribani mtoto 1 kati ya 10 alikuwa na malaria, ilhali takribani 7 kati ya 10 walikuwa na ugonjwa wa virusi. Virusi vya mafua vilikuwa miongoni mwake.

Antibiotiki huua bakteria; haziui virusi. Kuzinunua bila cheti cha daktari ni kupoteza fedha na kukuza usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Kinga: Virusi vya mafua hubadilika, hivyo chanjo yake hupitiwa upya kila mwaka. Nawa mikono kwa sabuni na ufunike mdomo unapokohoa.

Tiba: Wagonjwa wengi hupona kwa mapumziko, vinywaji vya kutosha na parasetamoli. Kwa walio hatarini, daktari anaweza kuandika oseltamiviri, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48. Baloksaviri, dawa mpya ya dozi moja, iliidhinishwa Japani na Marekani mwaka 2018.

Tahadhari: Bonde la Kilombero lina malaria, kila mwenye homa apimwe kwanza. Usimpe mtoto aspirini. Mtoto anayepumua kwa shida, anayeshindwa kunyonya au aliyepata degedege awahishwe kituo cha afya.