Rekodi yangu inasema nilitelekeza lori

*Mimi ni dereva wa lori hapa Texas. Nilipoacha kazi nilirudisha lori yadini na kukabidhi funguo. Sasa kila ninapoomba kazi naambiwa ripoti yangu ya DAC inasema nililitelekeza. Nifanyeje? – Dereva, Houston*

Pole, ndugu yangu. Doa hilo linaziba riziki, lakini linapingika. DAC, yaani ripoti ya historia ya kazi ya madereva wa malori, hutunzwa na kampuni ya HireRight. Yaliyomo huletwa na mwajiri wa zamani, na wapo wanaoandika kwa hasira.

Omba kwanza nakala yako, ambayo ni bure mara moja kila miezi 12. Soma kila mstari, maana mara nyingi kosa haliji peke yake. Kisha ipelekee HireRight pingamizi kwa maandishi (simu haiachi ushahidi), ukiambatisha picha za lori yadini, meseji za dispacha, risiti ya mafuta ya mwisho. FCRA, sheria ya Marekani kuhusu ripoti za aina hii, inawataka HireRight wachunguze, kwa kawaida ndani ya siku 30.

Mwajiri aking'ang'ania, una haki ya kuweka maelezo yako mafupi kwenye ripoti. HireRight wakipuuza ushahidi ulio wazi, lalamika kwa CFPB, wakala wa serikali ya Marekani wa kulinda watumiaji wa huduma za fedha, na umwone wakili wa FCRA. Ukishinda kesi, mshtakiwa hulipa ada ya wakili wako.