Motokari ya Zamani Inapokosa Nguvu Mlimani



Kila mtu aliyesafiri kutoka Goma kwenda Rumangabo anaujua mlima wa Kibumba. Ukitoka mjini unapita Kibati, barabara inaanza kupanda juu ya mawe meusi ya volkano, na Land Rover ya zamani inaanza kulia. Shofere anarudisha vitesi ya tatu, halafu ya pili. Watu walioketi nyuma wanatazamana. Hakosi mmoja wa kusema: "Motokari hii imechoka, inataka motere nyingine."

Mtauliza ukurasa wa usalama na afya unatafuta nini ndani ya motere. Jibu si refu. Mambo mengi ambayo watu wanafanya ili motokari ipate nguvu yanaleta wagonjwa dispanseri. Tena, nguvu inayopotea ndani ya motere isiyotunzwa haipotei hivi hivi tu. Sehemu yake inatoka kama moshi wa sumu, na wanaouvuta ni ninyi na watoto wenu mlioketi nyuma. Fundi akirudisha nguvu hiyo kwa njia nzuri, anawaponya watu pia.

NGUVU IMEKWENDA WAPI?

Tuchukue Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza toka 1971 mpaka 1985. Motere yake ya esanse ina silinda nne, na ukubwa wake ni sentimita za ujazo 2,286. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu ya farasi 70 hivi. Lakini hesabu hiyo ni ya nchi za chini, karibu na bahari. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na Kibumba ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Motere inavuta hewa ya ujazo uleule, lakini oksijeni iliyomo imepungua karibu sehemu moja kwa sita. Kwa hiyo hata motokari mpya kabisa, siku ya kwanza ikifika Goma, inabaki na farasi kama 60, na ikipanda Kibumba inapunguza tena. Ni sawa na mtu wa Matadi akipandishwa Nyiragongo siku ileile aliyofika: mapafu yake ni mazima, lakini pumzi haimtoshi.

Farasi hao waliochukuliwa na mlima, msimlaumu shofere juu yao. Lakini motokari yenye miaka 40 mara nyingi haina hata hao 60. Wengine wameibwa na uchafu, na buji mbovu, na valvu zisizopimwa. Hao tunaweza kuwarudisha bila kununua motere.

MOSHI MWEUSI NA KICHWA KINACHOUMA

Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga esanse nyingi mno kwa hewa ya huku. Esanse haiungui yote. Bomba linatoa moshi mweusi, buji zinakuwa na masizi, tangi linaisha haraka na nguvu iko chini. Katika moshi huo gesi inayoitwa monoksidi ya kaboni inaongezeka sana. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni inashika damu mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Moyo unapiga, damu inazunguka, lakini haibebi kitu.

Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, kisha usingizi unamshika. Wengi wanasema ni malaria, ama ni barabara mbaya. Lakini malaria haiwashiki watu watano ndani ya motokari moja kwa saa moja. Kama mnaumwa kichwa pamoja mkiwa safarini, na mkishuka kinapungua, fikirieni bomba la moshi kwanza. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaoumia mbele ya wengine.

Land Rover yenye turubai ina hatari yake. Turubai la nyuma likiwa wazi na madirisha ya mbele yamefungwa, motokari inapokwenda inavuta moshi wake yenyewe na kuurudisha ndani. Fungeni nyuma, fungueni mbele. Dalili zikitokea, simamisheni, zimeni motere, wote washuke na kukaa mahali penye upepo. Aliyezimia alazwe upande na apelekwe hospitali upesi, kwa maana anahitaji oksijeni. Kumpa maziwa hakusaidii kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kuweka katika kabureta tundu dogo zaidi la kupitisha esanse, linalofaa hewa ya mlima, na kutazama bomba la moshi toka kwenye motere mpaka mwisho. Mahali linapovuja pana alama nyeusi ya masizi. Asubuhi, motere ikiwashwa ingali baridi, mtasikia ikipiga "pf, pf" hapo. Msipapase kwa mkono.

KAZI YA FUNDI

Kabla ya kugusa kitu kingine fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne. Inafaa namba zikaribiane. Ikiwa silinda moja iko chini sana, atie ndani yake oili kidogo na kupima tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, ubaya uko kwenye valvu. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi na kinaokoa pesa nyingi, lakini garaji nyingi zinakiruka na kukimbilia kubadilisha vitu.

Kisha valvu: katika motere hii nafasi yake ni milimita 0.25. Platini ndani ya delko zifunguke kati ya milimita 0.35 na 0.40. Nyaya za buji zifuate mpango wa 1-3-4-2. Huku juu, ambako mgandamizo ni mdogo, fundi anaweza kuwahisha moto kidogo kupita ilivyoandikwa na kiwanda. Lakini motere ikianza kugonga inapopanda na mzigo, amepitisha, arudishe nyuma. Watu wanashangaa kuona motokari waliyotaka kuiuza inapanda kwa vitesi ya tatu baada ya kazi ya nusu siku.

Sasa tuseme juu ya filtri ya hewa. Wako mashofere wanaoiondoa ili "motere ipumue". Motere inalia kwa sauti kubwa zaidi, na wao wanafikiri sauti ni nguvu. Wewe unayefanya kazi ya mgodi unajua vumbi la mawe linavyoharibu mapafu kidogo kidogo, mpaka siku mtu hawezi kupanda ngazi. Vumbi la njia zetu ni mawe ya volkano yaliyosagwa na majivu yake, na linakata chuma cha silinda kama karatasi ya kusugulia. Filtri ya Land Rover hii inatumia oili: vumbi linanaswa ndani yake. Mwageni oili ile ikiwa matope, osheni chombo, tieni mpya. Wakati wa kiangazi msingoje mwezi uishe.

NGUVU AMBAYO HAMJALIPIA

Tazameni mbele ya kiti. Kuna mkono wenye kichwa chekundu. Motokari ikiwa imesimama, ukiurudisha nyuma unapata vitesi za mlima, na magurudumu yanapata nguvu karibu mara mbili. Tumekuta mashofere wa miaka mingi wasioutumia, wanaunguza ambreyaji kwa kuona haya ya kwenda polepole.

Magurudumu makubwa kuliko yale ya kiwanda yanapendeza macho, lakini yanakula nguvu kama vile umeongeza mzigo. Na freni zinazobana: baada ya mwendo mfupi, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likitoa joto kuliko mengine, motere ilikuwa inavuta freni yake yenyewe.

Tena kuna mzigo. Watu kumi na wawili, mbuzi, magunia mawili ya makala na kitanda juu. Hapo hakuna fundi.

ANAYETAKA ZAIDI

Nguvu zaidi inapatikana kwa kweli. Motere za Series III zilitoka na mgandamizo wa 7 kwa 1 ama wa 8 kwa 1. Ile ya 7 inaweza kuchongwa kichwa ifike 8, na katika hewa nyepesi ya huku haigongi upesi. Wengine wanaweka motere ya dizeli yenye turbo, ile ya 200Tdi ambayo Land Rover iliitoa mwaka 1989, yenye farasi 111. Turbo inafaa sana milimani, kwa sababu inasukuma hewa ndani kwa nguvu na kurudisha ile ambayo mlima umeinyima motere.

Lakini vyuma vya ekseli ya nyuma ni vya zamani. Hata kwa farasi 70 vinajulikana kwa kuvunjika. Na freni ni za ngoma, kwa magurudumu yote manne. Aliyeteremka Kibumba kurudi Goma na mzigo anajua jinsi pedali inavyolegea ngoma zikipata moto. Hesabu yake ni hii: motokari ikitoka mwendo wa kilomita 60 kwa saa na kufika 80, kazi ya freni haiongezeki kwa theluthi moja tu, inakaribia mara mbili. Kwa maoni yangu, katika motokari inayobeba watu, pesa ya kwanza iende kwenye freni. Mwenye kuweka motere ya farasi 111 juu ya freni zilizochoka amejitengenezea kitu cha kufika haraka kwenye bonde. Na wakati wa kuteremka tumieni vitesi ileile mliyopandia.

Neno moja kwa wasaidizi wa garaji: bitana za freni za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Msipulize vumbi la ngoma kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kitupe, na nguo zako usizipeleke nyumbani kufuliwa pamoja na za mtoto.

YANAYOLETA WATU DISPANSERI

Radiata. Motokari iliyokosa nguvu inapata moto, na huku juu maji yanachemka kabla ya kufika digrii 100. Kwenye mita 1,500 ni karibu digrii 95. Ukifungua kifuniko, maji yanaruka usoni. Ngojea nusu saa. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Tafadhali sana, mama, si dawa ya meno, si siagi, si asali. Wala msiondoe termostati kwa kufikiri mnaipoza motere: ikikaa baridi inakula esanse na kuchakaa.

Kunyonya esanse kwa mpira na mdomo. Ikiingia tumboni ni mbaya. Ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, kwa maana ikipanda ndipo inapoingia mapafuni. Suuza mdomo, mkalishe, mlete. Akikohoa ama kupumua haraka, hata baada ya saa chache, msingoje asubuhi. Na esanse si sabuni. Ina benzini, nayo inaharibu damu ya mtu anayenawa mikono kwayo kila jioni.

MOTERE IKIFA KATIKA SHIMO

Jambo la mwisho ni la nchi yetu hasa. Upande wa ziwa kutoka Goma kwenda Sake, na ndani ya hifadhi, kuna mazuku. Neno ni la kwetu, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanalitumia vilevile. Ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, inalala katika mashimo ya mawe ya volkano, zaidi usiku na asubuhi mapema kama hakuna upepo.

Motere inahitaji oksijeni kama wewe. Ikiwa motokari nzima, yenye esanse na buji nzuri, inazimika mara moja ndani ya bonde dogo, na karibu mnaona majani yaliyokauka ama ndege waliokufa, hiyo si kazi ya fundi. Msifungue boneti. Mtu asilale chini ya motokari kutazama, maana sumu imelala palepale chini. Beba watoto mabegani, usiwaache watembee, na pandeni kwa miguu mpaka mahali pa juu penye upepo. Pumzi chache zinatosha kumwangusha mtu mzima. Mmoja akianguka shimoni, asimfuate mwingine bila chombo cha hewa kile cha waokoaji wa mgodi. Tupeni kamba ikiwa bado ana akili, na iteni watu. Motokari itangoja jua litoke na upepo uanze.