Dondoo muhimu: Vunja kazi kabla ya kombe la mtaa

Kombe la timu 8 kwa mtoano lina mechi 7. Anza na hesabu hiyo. Ndiyo itakayokuonyesha siku, marefa na mipira unayohitaji. Kisha andika mafungu makuu kwenye karatasi: uwanja, timu na marefa, vibali, afya, fedha.

Kila fungu livunje mpaka ufikie kazi ambayo mtu mmoja anaweza kukabidhiwa na kuulizwa. “Kuandaa uwanja” bado ni kubwa mno. Kufyeka nyasi, kununua chokaa, kupima mita 11 kutoka mstari wa goli hadi alama ya penalti, kufunga nyavu, kuokota vipande vya chupa: hizo ndizo kazi. Kila moja iwe na jina na tarehe. Kazi ya “kamati nzima” haina mwenyewe.

Vibali viombwe mapema, kwa serikali ya mtaa na polisi.

Afya ndiyo husahaulika, nami ningeiweka juu kabisa: maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, na gari la kumkimbiza majeruhi hospitali, dereva akiwa palepale uwanjani. Kama kazi hiyo haina jina la mtu, msipulize filimbi.