Taa ya Injini Inayowaka na Kuzimika: Pa Kuanzia

Umetoka Donholm, Nairobi, asubuhi, umeingia barabara ya Outer Ring, na kwenye dashibodi imewaka taa ya manjano yenye mchoro wa injini. Jioni imezimika. Wiki ijayo itarudi. Jirani atakwambia ni sensa, fundi wa kwanza aseme ni koili, wa pili atake ubadilishe plagi zote. Kabla hujatoa hata shilingi, fahamu taa hiyo inavyofanya kazi.

Gari lako lina kompyuta inayopokea habari kutoka kwa sensa, yaani vifaa vidogo vinavyopima joto, hewa, moshi na mzunguko wa injini. Kipimo kikienda kombo, kompyuta huandika msimbo, ambao ni herufi moja na tarakimu nne. Kwa hitilafu nyingi, taa huwaka jambo likijirudia katika safari mbili. Safari tatu mfululizo zikipita salama, huzimika yenyewe, lakini rekodi hubaki mpaka injini ipate moto na kupoa mara 40 hivi. Kwa hiyo hata taa iliyozimika inaweza kupimwa. Ndiyo sababu nakusihi usikubali mtu achomoe teminali ya betri ili taa iondoke. Itaondoka kweli, na ushahidi wote utaondoka nayo, pamoja na kumbukumbu ya mwendo na joto la injini wakati hitilafu ilipotokea.

Je, ni salama kuendelea na safari? Taa ikiwaka bila kumetameta na gari likivuta kama kawaida, nenda nyumbani, kisha upange siku ya gereji wiki hiyohiyo. Ikiwa inawaka na kuzima harakaharaka mbele ya macho yako, hilo ni jambo jingine. Injini inamisi vibaya, yaani silinda moja au zaidi haichomi petroli, na petroli hiyo inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, kifaa cha kusafisha moshi ambacho ni ghali sana. Punguza mwendo, toka barabarani, zima injini. Taa nyekundu ya oili au ya joto la injini nayo haisubiri: simama hapo hapo unapopata nafasi salama.

Sasa chukua simu yako uandike. Taa iliwaka lini? Injini ilikuwa baridi au moto? Ulikuwa umetoka kujaza petroli, kupita kwenye mashimo, au kuoshewa injini kwa mashine ya maji? Maelezo haya ni dhahabu kwa fundi, kwa sababu hitilafu inayokuja na kuondoka mara nyingi hujificha gari likifika gereji. Ikija baada ya mvua au kuoshwa, shuku maji kwenye koili na viungo vya waya. Ikija kwenye mashimo, shuku waya uliolegea au kuchubuka.

Kuna mambo unayoweza kukagua mwenyewe bure, injini ikiwa imezimwa na kupoa. Kaza kifuniko cha tangi la petroli mpaka kilie. Katika baadhi ya magari, kikilegea tu taa huwaka. Tikisa teminali za betri uone kama zimelegea au zina ukungu mweupe. Fungua chujio la hewa, hasa kama unaishi kwenye barabara za vumbi za Kayole au Dandora. Tazama bomba la hewa kama lina ufa, na waya kama zimetafunwa na panya, maana gari linalolala nje hukaribisha panya.

Kisha gari lisomwe kwa kompyuta. Gereji nyingi za Kariobangi Light Industries, Buruburu na Industrial Area zina mashine hiyo, na malipo ya kawaida ni kati ya shilingi 1,000 na 3,000. Uliza bei kabla ya boneti kufunguliwa. Mashine huchomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Piga picha ya misimbo yote kabla haijafutwa. Ukipenda, nunua kisomaji kidogo kinachoungana na simu kwa bluetooth, kama shilingi 1,000 hadi 2,500, ingawa magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huenda yasielewane nacho.

Hapa ndipo wenye magari wengi hupoteza pesa: msimbo hautaji kifaa kilichokufa, unataja mahali pa kuchunguza. Chukua P0301, maana yake silinda ya kwanza inamisi. Katika injini yenye koili juu ya kila plagi, mwambie fundi ahamishe koili ya silinda ya kwanza aiweke ya tatu, kisha mwende barabarani. Msimbo ukibadilika kuwa P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0301, angalieni plagi, waya, au kinyunyizio cha petroli. Jaribio hilo ni la dakika chache na halihitaji spea yoyote. Vivyo hivyo P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Usikimbilie kununua sensa kabla bomba la hewa halijakaguliwa na sensa ya hewa kusafishwa kwa dawa yake maalumu, wala isiguswe kwa kidole au kitambaa.

P0420 inahusu masega. Yana madini ghali kama platini na paladi, na wapo wanaoyanunua, kwa hiyo simama karibu gari lako linapofunguliwa ekzosi, yasije yakaibwa. Ukinunua gari lililotumika, washa swichi bila kuwasha injini: taa ya manjano lazima iwake. Isipowaka, huenda mtu ameizima makusudi kuficha ubovu.

Taa ikianza mara tu baada ya kujaza mafuta, huenda yamechanganywa: weka risiti na ulalamike kwa EPRA, mamlaka inayosimamia mafuta nchini. Uchanganyaji wa mafuta taa na mafuta ya magari ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuuzuia.

Ukilazimika kununua spea Kirinyaga Road, ambayo wengi bado huiita Grogan, beba ile ya zamani ulinganishe namba, na udai risiti yenye ahadi ya kurudisha. Baada ya matengenezo, misimbo ifutwe, uendeshe siku kadhaa mjini na kwenye barabara kuu, kisha gari lisomwe tena. Usimalize malipo ya fundi kabla ya kipimo hicho cha pili. Mkubaliane hivyo tangu mwanzo.